Siku ya Mwandishi wa Hadithi za Picha: Kazi Isiyoonekana na Haki ya Jina

1. Utangulizi

Msomaji anapofungua kitabu cha hadithi za picha, jicho hutangulia kwenye mchoro. Huona sura za watu, mavazi, nyumba, farasi anayekimbia na vumbi nyuma yake. Maneno huyasoma baadaye. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba hadithi ya picha ni kazi ya mchoraji peke yake. Lakini katika vitabu vingi, kabla mstari wa kwanza haujachorwa, kuna mtu mwingine aliyekwisha kuketi mezani na kuamua ni nani atakayesema, atasema nini, ataonekana wapi, na ukurasa utakomea kwenye jambo gani ili msomaji atamani kufunua unaofuata. Mtu huyo ndiye mwandishi wa hadithi.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya kila siku ya mwandishi huyo, hasa yule asiye na mwajiri wala mshahara wa mwezi, ambaye huuza kazi yake kipande kwa kipande kwa yeyote anayeihitaji. Kwanza itaelezwa kazi yenyewe na vipimo vyake. Pili, jinsi siku yake inavyogawanyika. Tatu, malipo na haki. Na mwisho, hali ya mwandishi wa namna hiyo nchini Kongo na nafasi ya Kiswahili. Swali linalounganisha sehemu zote ni moja: mtu ambaye kazi yake haionekani kwa macho, atalindaje riziki yake na jina lake?

Kuhusu istilahi, wasemaji wa Kiswahili nchini Tanzania hutumia maneno katuni na vibonzo, na nchini Kongo wengi hutamka ufupisho wa Kifaransa, bede. Katika makala haya litatumika neno hadithi za picha. Kila mchoro uliozungushiwa mistari utaitwa kisanduku, na ile duara yenye maneno yatokayo kinywani mwa mhusika itaitwa kiputo.

2. Kazi yenyewe na vipimo vyake

Kazi huanza kwa wazo, na wazo peke yake haliuzwi. Mwandishi hana budi kuligeuza kuwa muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili: wahusika ni nani, wanataka nini, nini kinawazuia, na mambo yanaishaje. Muhtasari ndio unaopelekwa kwa mhariri wa jarida au kwa mchapishaji. Ukikubaliwa, mwandishi huandika mgawanyo wa hadithi, ukurasa kwa ukurasa na kisanduku kwa kisanduku. Kwa kila kisanduku hueleza mahali, saa, watu waliopo, ishara za miili yao, na maneno yatakayowekwa katika viputo. Mfano wa maandishi hayo waweza kuwa huu:

Kisanduku cha 3. Jioni, kituo cha basi, Kamalondo. Mama ameshika kikapu, anatazama barabara. Nyuma yake kijana anakuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kijana: «Mama, usipande!»

Maandishi haya hayakusudiwi kusomwa na umma. Msomaji wake ni mmoja tu, yaani mchoraji. Kwa hiyo mwandishi wa hadithi za picha ni mtu anayeandika barua ndefu kwa mwenzake, na barua hiyo hutoweka mara kazi inapokamilika. Maelezo yote ya mahali na ishara huyeyuka ndani ya mchoro, na kinachobaki cha mwandishi kwenye karatasi ni yale maneno machache ya viputo. Hapa ndipo penye mzizi wa shida zake nyingi, kama itakavyoonekana mbele.

Vipimo vya kazi ni vikali. Kitabu cha Astérix huwa na kurasa 44 za hadithi. Vijarida vya kila mwezi vya Marekani kwa kawaida hubeba kurasa 20 hadi 22. Mwandishi wa riwaya akizidisha kurasa kumi, mchapishaji hunung'unika tu; mwandishi wa hadithi za picha akizidisha ukurasa mmoja, hauna pa kuwekwa. Tena, jambo la kushtusha halifai kuwekwa kwenye ukurasa wa kulia, kwa kuwa jicho la msomaji huliona kabla ya wakati wake; huwekwa kwenye ukurasa wa kushoto, baada ya karatasi kufunuliwa. Hivyo mwandishi huhesabu kurasa kama vile fundi mshoni anavyopima kitambaa kabla ya kukikata.

Maneno nayo hupimwa. Mwandishi Mwingereza Alan Moore amesimulia kanuni aliyoichukua kwa Mort Weisinger, aliyekuwa mhariri wa vijarida vya Superman: ukurasa wenye visanduku sita usizidishe maneno 35 kwa kila kisanduku, yaani maneno 210 kwa ukurasa mzima. Kanuni hii inahitaji kutafakariwa na wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa ilitungwa kwa Kiingereza. Neno moja la Kiswahili kama «hatutawaacha» hubeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa, mambo ambayo Kifaransa huyasema kwa maneno matano au sita. Hata hivyo nafasi ndani ya kiputo haijazwi na hesabu ya maneno, hujazwa na herufi. Na maneno marefu ya Kiswahili hayakatiki kwa urahisi mwishoni mwa mstari mfupi. Mwandishi wa Kiswahili, basi, analazimika kuhesabu herufi na silabi, na kuchagua kati ya «hatutawaacha» na «hatuwaachi» kwa sababu za nafasi kama vile za maana.

Kuna njia mbili kuu za kushirikiana na mchoraji. Njia ya kwanza ni hiyo ya maandishi kamili. Ya pili ilienea katika kampuni ya Marvel katika miaka ya 1960, wakati Stan Lee alipokuwa akiandikia vijarida vingi kwa mwezi mmoja. Alimpa mchoraji muhtasari, mchoraji akachora hadithi nzima kwa kupanga visanduku mwenyewe, kisha Lee akajaza maneno. Njia hiyo iliokoa muda, lakini iliacha ugomvi mrefu: wachoraji Jack Kirby na Steve Ditko walidai kwamba sehemu kubwa ya utungaji ilikuwa yao. Inaonekana basi kwamba namna ya kufanya kazi asubuhi huamua nani ataitwa mtungaji miaka mingi baadaye.

3. Mgawanyo wa siku

Mtu asiye na mwajiri huonekana machoni pa majirani kama mtu asiye na kazi. Haendi popote asubuhi, hana sare wala saa ya kuripoti. Ukweli ni kwamba siku yake imegawanyika katika kazi tatu zinazogombania saa zile zile.

Kazi ya kwanza ni kuandika. Waandishi wengi huitengea saa za asubuhi, kabla wageni hawajabisha hodi na akili haijachoka. Kurasa chache zilizokamilika ni siku njema. Kurasa hizo hazitokani na kuandika tu: mwandishi huchora vijisanduku vidogo kwa kalamu, hata kama hajui kuchora, ili kuona kama watu wanne wanaweza kukaa ndani ya nafasi moja pamoja na viputo vyao. Husoma mazungumzo kwa sauti, kwa sababu maneno ya kiputo ni maneno ya kinywani, na sikio hugundua kosa ambalo jicho limeliruka.

Kazi ya pili ni kutafuta. Hadithi ya vita hutaka kujua bunduki ya mwaka ule. Hadithi ya mgodini hutaka kujua mchimbaji huvaa nini kichwani na hushuka kwa chombo gani. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika «alivaa sare» na kupita. Mwandishi wa hadithi za picha hawezi, kwani mchoraji atauliza mara moja: sare ya namna gani, vifungo vingapi? Kwa hiyo alasiri nyingi hupotelea maktabani, au katika kukusanya picha za kumpelekea mchoraji.

Kazi ya tatu ni biashara, na ndiyo isiyopendwa. Wakati hadithi moja inaandikwa, nyingine inasubiri jibu la mhariri, ya tatu iko mikononi mwa mchoraji, ya nne imechapishwa lakini haijalipwa. Mwandishi anayesubiri ya kwanza iishe ndipo atafute ya pili hubaki na miezi mitupu katikati. Ndiyo maana siku yake hujaa barua, simu na ziara za kukumbusha deni kwa adabu. Huyu ni mtu aliyeshika kamba ya mbuzi wengi: akimvuta mmoja, mwingine anakula mahindi ya jirani.

Kwa mchoraji hali ni tofauti. Ukurasa ambao mwandishi ameuandika kwa saa moja au mbili unaweza kumchukua mchoraji siku nzima au zaidi. Matokeo yake ni kwamba mchoraji hushughulika na hadithi moja, ilhali mwandishi humudu nne au tano na wachoraji mbalimbali. Hiyo ndiyo nafuu ya mwandishi; nayo pia ndiyo hoja inayotumiwa kumlipa kidogo.

4. Malipo na haki

Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa ukurasa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho hujazwa mara moja tu. Kitabu kikichapishwa tena, wahusika wakiingizwa katika filamu au kuchorwa kwenye fulana, aliyelipwa kwa ukurasa hana fungu, isipokuwa mkataba wake umesema hivyo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Superman. Mwezi Machi 1938 mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster walipokea dola 130 kwa kurasa 13, yaani dola 10 kwa ukurasa, na kwa malipo hayo wakakabidhi haki zote za mhusika wao. Baada ya miaka mingi ya kesi na dhiki, mwaka 1975 kampuni iliyomiliki mhusika huyo ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye hadithi.

Mfano wa pili unahusu jina zaidi ya fedha. Batman alitokea mwaka 1939 kwa sahihi ya mchoraji Bob Kane peke yake. Mwandishi Bill Finger, aliyeandika hadithi za kwanza na kushiriki kubuni sura na mavazi ya mhusika huyo, hakutajwa. Finger alifariki mwaka 1974 akiwa bado hajatambuliwa rasmi. Jina lake lilianza kuwekwa kando ya lile la Kane mwaka 2015, miaka 41 baada ya kifo chake.

Sheria nazo hutofautiana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, inakubali kwamba baadhi ya kazi zinazoagizwa kwa mkataba huhesabiwa kuwa mtungaji wake ni yule aliyeagiza. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Machi 1957 ilishika njia nyingine: jina la mtungaji ni haki isiyouzwa, hata kama faida ya kitabu imeuzwa. Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayohusu haki za watungaji nchini Kongo (wakati huo Zaire), imo katika ukoo huo wa pili. Hata hivyo sheria iliyo katika kitabu haimsaidii mtu asiye na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeandika.

5. Mfano wa René Goscinny

Anayetaka kuona mambo haya yote katika maisha ya mtu mmoja amtazame René Goscinny. Alizaliwa Paris mwaka 1926, akakulia Buenos Aires, akajaribu bahati yake New York kuanzia mwaka 1945. Mwaka 1951, mjini Paris, alikutana na mchoraji Albert Uderzo. Wakati huo kazi ya mwandishi wa hadithi za picha haikuhesabiwa kuwa kazi kamili. Tangu mwaka 1955 Goscinny aliandika hadithi za Lucky Luke kwa ajili ya mchoraji Morris, lakini vitabu vya mwanzo vilitoka kwa jina la Morris tu.

Mwaka 1956 Goscinny, Uderzo na mwandishi Jean-Michel Charlier walijaribu kuwakusanya wenzao watie sahihi tamko la kudai haki za watungaji. Shirika walilolifanyia kazi lilimfukuza Goscinny. Wenzake wawili wakaondoka pamoja naye. Kwa miaka mitatu iliyofuata aliishi kwa kuandika huku na huku: hadithi za Oumpah-Pah pamoja na Uderzo, visa vya Nicolas pamoja na Sempé, na kazi nyingine nyingi kwa magazeti mbalimbali.

Katika kiangazi cha mwaka 1959 jarida jipya la Pilote lilikuwa karibu kuanza. Goscinny na Uderzo walikuwa wameandaa hadithi kutokana na visa vya kale vya mbweha Renart, mara wakaarifiwa kwamba mchoraji mwingine ameshaifanya. Walikutana nyumbani kwa Uderzo, Bobigny, wakiwa na muda mfupi, wakapekua historia ya Ufaransa tangu mwanzo wake hadi walipowafikia Wagali. Hivyo akazaliwa Astérix, aliyetokea tarehe 29 Oktoba 1959. Kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1961 kwa nakala 6,000. Mara nyingi mafanikio hayo husimuliwa kama bahati. Lakini ingefaa kukumbuka kwamba mtu aliyeweza kubuni mhusika mpya kwa haraka namna ile alikuwa amekwisha kuandika kwa miaka mingi, kila siku, kwa malipo ya ukurasa. Goscinny alifariki mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 51. Kufikia hapo jina la mwandishi kwenye jalada lilikuwa jambo la kawaida, na sehemu ya kawaida hiyo ilitokana na tamko lililomfukuzisha kazi.

6. Hali ya Kongo na nafasi ya Kiswahili

Nchini Kongo hadithi za picha zina historia ndefu. Jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968, liliwapenda wasomaji kwa sababu wahusika wake walisema kama vijana wa mitaani. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, amechora mifululizo ya Eva K. na Mandrill kwa maandishi ya Mfaransa Frank Giroud. Inafaa kuzingatia mwelekeo wa ushirikiano huo: mchoraji ni Mkongo, mwandishi ni mgeni. Wachoraji wa Kongo wamevuka mipaka. Waandishi wa hadithi wamebaki nyuma.

Sababu moja ni kwamba mchoraji anaweza kuuza pia mabango, picha za ukutani na matangazo, ilhali maandishi ya hadithi za picha hayana mnunuzi mwingine. Mkono mtupu haulambwi, na mwandishi huyo hulazimika kuishi kwa kazi nyingine. Mfano bora wa Katanga ni Pie Tshibanda, aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1951, mwanasaikolojia kwa taaluma. Yeye ndiye aliyeandika Alerte à Kamoto, kilichochorwa na Nsenga Kibwanga na kutolewa mwaka 1989, kinachohusu ulimwengu wa migodi. Na Les refoulés du Katanga cha mwaka 1994, kuhusu watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga katika miaka ya 1992 na 1993. Mwaka 1995 alilazimika kuhamia Ubelgiji. Kwa mwandishi wa namna hiyo hatari haikuwa kukosa malipo tu. Hadithi ya picha husomwa hata na asiyeweza kumaliza riwaya, na kwa sababu hiyo neno lake hufika mbali.

Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kifaransa. Mwandishi atakayetaka kuandika kwa Kiswahili mjini Lubumbashi atakutana na swali la lugha gani ya kuweka kinywani mwa wahusika. Mama wa sokoni akisema «watoto wanakuja» kwa Kiswahili sanifu, msomaji wa Kenya au wa Katuba atacheka, kwa maana sokoni husemwa «batoto banakuya». Akiandika Kiswahili cha mjini kila mahali, kitabu hakitasomeka Bukavu wala Dar es Salaam bila taabu. Umbo la hadithi za picha lenyewe linatoa njia ya kati: maelezo ya msimulizi, yaliyo juu ya kisanduku, yaweza kuwa katika lugha sanifu, na viputo vikapewa lugha ya mahali. Mchoro humsaidia msomaji wa mbali kuelewa neno asilolijua. Hakuna utanzu mwingine wa maandishi unaoziweka lugha hizi mbili pamoja kwenye ukurasa mmoja kwa urahisi kama huo.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba mwandishi wa kujitegemea wa hadithi za picha ana kazi inayopimwa kwa kurasa na herufi, siku inayogawanyika kati ya kuandika, kutafuta na kudai, na haki inayopotea kwa urahisi kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi yake huyeyuka ndani ya mchoro wa mwenzake. Siegel, Finger na Goscinny wanafundisha kwamba hasara hutokea siku ya kwanza, wakati watu wawili wanapoanza kazi kwa urafiki bila kuandikiana.

Kutokana na hayo, mwanafunzi anayeandika hadithi huku rafiki yake akiichora angefanya vema kufuata mambo matatu. Kwanza, wapatane kwa maandishi, kabla ya kuanza, jinsi majina yatakavyowekwa na fedha zitakavyogawanywa. Pili, mwandishi ahifadhi nakala ya maandishi kamili yenye tarehe, hata baada ya kitabu kuchapishwa. Tatu, asikubali kazi itoke bila jina lake, hata ikiwa malipo ni madogo, kwa sababu fedha iliyokosekana leo yaweza kupatikana kwa kazi nyingine, bali jina lililokosekana lilimchukua Bill Finger miaka 41 kaburini kulipata.

Vyuo vikuu navyo vina wajibu wao. Maandishi ya hadithi za picha ni fasihi ya mazungumzo, na yanastahili kuhifadhiwa na kuchunguzwa kama tamthilia zinavyochunguzwa. Maktaba inayotunza kitabu kilichochapishwa na kuyaacha maandishi yake yatupwe inatunza nusu ya kazi.